Ukurasa Usio na Maneno

Februari, Buffalo. Theluji ya juzi imekwisha kuwa nyeusi
kando ya barabara, nami nakata tiketi
kama mtu aendaye matangani
na ubani wake mfukoni.

Walishatuambia ni mbovu.
Mwongozaji wa kwanza kafukuzwa, wa pili kanuna,
tarehe imesogezwa mara tatu,
na lile tangazo lake la dakika mbili
watu walilicheka hadi kwenye foleni ya duka la dawa.
"Mzuka mwenye taa," kinyozi wangu alisema, "nani atalipa?"
Nikacheka naye.
Hilo ndilo linaloniuma kidogo.

Maana mzuka yule namfahamu.
Alizaliwa jikoni kwa Emmett Dzurko
mwaka ule kiwanda cha chuma kilipofungwa,
juu ya meza yenye alama za vikombe.
Emmett alichora. Mimi niliandika herufi:
kila "Nani hapo?", kila yowe, kila mlio wa mnyororo,
kwa mkono, kwa wino, dola mbili ukurasa.
Mlinzi wa daraja, kafa katika zamu ya usiku
na hajui kama zamu imekwisha.
Hupita na taa akiwatafuta waliozama,
awarudishe kwao wakiwa bado na maji viatuni.
Matoleo kumi na manne, kisha kampuni ikafunga mlango.
Emmett alikufa bila kuona hata fulana
yenye sura ya mlinzi wake.

Ukumbini tulikuwa kumi na mmoja.
Brielle, mjukuu wangu, kabeba bisi za kulisha kikosi.
Nikajiegemeza, nikaisubiri aibu.

Nusu saa ya mwanzo, sitadanganya:
milipuko miwili isiyo na sababu,
mchekeshaji asiyechekesha,
mwanamke anayekimbia nusu ya mji kwa viatu vya kisigino.
Nikatazama saa.

Kisha daraja.

Si la kompyuta. Chuma kweli, kutu kweli,
na mwigizaji nisiyemjua, uso wa mtu aliyekosa usingizi,
anainua taa kwa mkono wa kushoto.
Wa kushoto!
Emmett alikuwa mtu wa mashoto,
akamchora mlinzi kwa kujitazama kiooni, akasahau kugeuza,
kisha akasema mzuka naye ana haki ya kukosea.

Hapo ndipo waliponipata.
Toleo la tisa, ukurasa wa kumi na saba:
mama anamkuta mwanawe ukingoni mwa maji,
mlinzi amesimama, anasubiri.
Nilikuwa nimeandaa maneno, mistari mizima.
Emmett akaweka kidole juu ya karatasi:
"Hapa usiandike kitu, Walt."
Nikalipwa dola mbili kwa kutoandika.
Miaka arobaini nimewasimulia watu kama kichekesho.

Ndani ya giza lile muziki ukakatika.
Hakuna kinanda, hakuna kilio,
maji tu, na taa,
na mama anafunga kamba ya kiatu cha mtoto.
Dakika nzima.
Mtu fulani, mahali fulani,
alifungua kitabu chetu cha senti sitini
akakiona nilichokiacha.

Brielle aliacha kutafuna.
Jamaa wa mstari wa nyuma, aliyekuja kuzomea,
nilimsikia akivuta kamasi, kisha akajitia kukohoa.

Si filamu kubwa. Mwisho wake mrefu mno,
na yule mchekeshaji, Mungu amsamehe, anarudi.
Lakini nilikwenda kuzika, nikamkuta maiti ameketi
anaulizia chai.

Majina yalipopanda tulibaki sisi na mfagiaji.
Dzurko wameliandika sawasawa.
Langu wamelikosea, herufi moja,
mimi, mwandika herufi.
Brielle alitaka tuwapelekee barua kali.
Nikamwambia acha.

Nje, kioo cha gari kilikuwa kimeganda.
Nilikuwa nakwangua barafu, polepole, akauliza,
"Babu, ule ukurasa, ulitaka kusema nini?"
Nikajaribu kukumbuka. Yalikuwa maneno mazuri.
Nikaendelea kukwangua.